UCHANGANUZI: Kinga ya mwili haina lawama zote mimba zinapoharibika mfululizo

MWANAMKE anapoharibikiwa na mimba ya kwanza, majirani humfariji kwamba ni kazi ya Mungu na kwamba atapata nyingine. Inapoharibika ya pili, wafariji hupungua. Ikifika ya tatu, minong'ono huchukua nafasi ya faraja: mama mkwe huanza kuulizia ukoo wa mke, wengine hutaja majini au kijicho, na hawakosi wanaodai kwamba aliwahi kutoa mimba akiwa shuleni.

Miaka ya karibuni maelezo mengine yamejiunga na haya, nayo yana sauti ya kitaalamu. Mwanamke huambiwa kwamba kinga ya mwili wake inamkataa mtoto, kwamba damu yake inapigana na ya mumewe, au kwamba chembe zilizowekwa mwilini kumlinda zimegeuka kuwa wauaji wa kijusi. Maelezo haya huvutia kwa sababu humwondolea mwanamke shutuma za uchawi na uzinzi. Huvutia pia kwa sababu anayeyatoa mara nyingi ana dawa ya kuuza.

Hakuna shaka kwamba kinga ya mwili huhusika na baadhi ya mimba zinazoharibika. Ugonjwa mmoja wa aina hiyo unafahamika vyema, unapimika, na tiba yake imekuwapo kwa takriban miaka 30. Tatizo ni kwamba jina hilo la kinga limetumiwa pia kunadi vipimo na dawa ambazo majaribio ya kisayansi yameshindwa kuzithibitisha. Mwanamke aliyefiwa na matumaini mara tatu, na ambaye yuko tayari kuuza shamba ili apate mtoto, hana njia rahisi ya kutofautisha tiba na biashara.

Kwanza ni vyema kufahamu ukubwa wa jambo lenyewe. Kwa mujibu wa msururu wa makala yaliyochapishwa na jarida la kitabibu la The Lancet mwaka wa 2021, mimba takriban milioni 23 huharibika kila mwaka duniani, sawa na 44 katika kila dakika. Miongoni mwa mimba 100 zilizotambuliwa, 15 hivi huishia hivyo. Wanawake wapatao 11 kati ya 100 huwa wamepoteza mimba moja, wawili wamepoteza mbili, na hawafiki hata mmoja waliopoteza tatu au zaidi.

Kupoteza mimba moja, basi, ni msiba wa kawaida, ingawa hakuna anayeuona hivyo ukimfika. Kupoteza tatu si kawaida, na ni haki ya mwanamke kutaka kujua sababu.

Karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema huwa na kasoro za kromosomu, yaani zile nyuzi zinazobeba urithi wa wazazi. Kasoro hizo hutokea kwa bahati mbaya yai linapoundwa au linapoanza kujigawa, na hazihusiani na kazi nzito, chakula wala tabia ya mama. Umri huchangia pakubwa. Makala hayo ya 2021 yalionyesha kwamba uwezekano wa mimba kuharibika ni asilimia 12 kwa wanawake wa miaka 20 hadi 29, lakini hupanda hadi asilimia 65 kwa waliotimiza miaka 45. Umri wa baba nao huhesabika anapopita miaka 40, jambo ambalo vikao vya ukoo huwa havilitaji.

Zipo pia sababu kama kisukari kisichodhibitiwa, matatizo ya tezi ya shingoni, na umbo la mji wa mimba lenye kasoro. Hata baada ya yote haya kupimwa, karibu nusu ya wanandoa huambiwa kwamba chanzo hakijulikani. Hapo ndipo mlango wa nadharia ya kinga hufunguka.

Nadharia yenyewe si ya kipuuzi. Mnamo 1953, mwanasayansi Mwingereza Peter Medawar, ambaye miaka saba baadaye alishinda Tuzo ya Nobel kwa utafiti wake kuhusu jinsi mwili unavyovumilia viungo vya kupandikizwa, aliuliza swali lililowashughulisha wataalamu kwa miongo kadhaa. Mtoto hurithi nusu ya umbile lake kutoka kwa baba. Mke akipandikizwa figo ya mumewe bila kupewa dawa za kutuliza kinga, mwili wake utaikataa. Inakuwaje basi mwili huohuo umbebe mtoto wa mume huyo kwa miezi tisa?

Medawar alifikiri kwamba huenda kinga ya mama hulala wakati wa ujauzito, au mtoto hutengwa nayo kabisa. Watafiti waliomfuata waligundua mambo tofauti. Chembe za nje za kondo la nyuma huficha vitambulisho vingi vya baba na badala yake huonyesha kitambulisho maalumu kinachotuliza chembe za mama. Mama naye huongeza chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kuzuia mashambulizi. Kinga yake huwa macho muda wote, na hushiriki katika kuijenga mimba.

Ushahidi mkubwa wa ushiriki huo uko ndani ya ukuta wa mji wa mimba. Katika miezi mitatu ya kwanza, takriban asilimia 70 ya chembe nyeupe zilizomo humo ni za aina ambayo wanasayansi waliibatiza jina la "wauaji wa asili". Jina hilo lilitolewa miaka ya 1970 kwa chembe za kwenye damu zinazoua chembe za saratani, na limewaogofya wanawake wengi bila sababu. Zile za mji wa mimba hazina kazi ya kumuua mtoto. Husaidiana na kondo kupanua mishipa ya damu ya mama ili chakula na hewa vimfikie kijusi kwa wingi.

Maelewano kati ya chembe hizo na kondo hutegemea jeni za mama na zile ambazo mtoto ameridhi kwa baba. Afrika Mashariki imechangia katika elimu hii. Mwaka wa 2015, watafiti wakiwemo Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere na Ashley Moffett wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha utafiti uliofanywa Uganda. Ulionyesha kwamba kuna jeni za kinga zinazopatikana kwa Waafrika lakini si kwa Wazungu, ambazo humkinga mjamzito na ugonjwa hatari wa shinikizo la damu la ujauzito. Ugonjwa huo ni tofauti na mimba kuharibika, lakini utafiti huo ulidhihirisha kwamba majibu yaliyopatikana Ulaya hayawezi kuhamishiwa Kampala au Nairobi bila kuchunguzwa upya.

Kutoka elimu hii ya msingi hadi matibabu kuna mwendo mrefu, na ni ugonjwa mmoja tu ambao umeukamilisha.

Ugonjwa huo hujulikana kama sindromu ya antifosfolipidi, na ulielezwa mwaka wa 1983 na daktari Graham Hughes jijini London alipokuwa akiwatibu wagonjwa wa lupasi. Mgonjwa huunda kingamwili zinazoshikamana na protini zilizoambatana na mafuta ya kuta za chembe zake mwenyewe. Matokeo yake ni damu kuganda kwenye mishipa, kiharusi hata kwa vijana, na mimba kuharibika mara kwa mara. Si lazima mwanamke awe na lupasi ili augue. Wengi hujiona wazima kabisa, na dalili pekee waliyo nayo ni hizo mimba wanazozipoteza.

Kulingana na Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Uzazi cha Uingereza, kingamwili hizi hupatikana kwa takriban asilimia 15 ya wanawake waliopoteza mimba mara kwa mara. Zamani ilidhaniwa kwamba kosa lao ni kuzigandisha damu za kondo tu. Baadaye ilibainika kwamba huzuia pia kondo lisijichimbie vyema katika ukuta wa mji wa mimba, na huchochea uvimbe unaoliunguza. Mwaka wa 2004, utafiti uliofanyiwa panya nchini Marekani ulionyesha kwamba dawa ya heparini iliokoa mimba kwa kuuzima uvimbe huo, ilhali dawa nyingine za kuzuia damu kuganda hazikufua dafu.

Tiba yake ni rahisi kuieleza: tembe ndogo ya aspirini kila siku, pamoja na sindano ya heparini chini ya ngozi. Jaribio lililofanyiwa wanawake 90 katika hospitali moja ya London na kuchapishwa 1997 lilionyesha kwamba asilimia 71 ya waliopewa dawa zote mbili walijifungua watoto hai, ikilinganishwa na asilimia 42 ya waliopewa aspirini peke yake. Sio majaribio yote yaliyoafikiana. Moja la Liverpool lililochapishwa 2002 liliona tofauti ndogo, asilimia 78 kwa 72. Hata hivyo, majaribio hayo yakijumlishwa mizani huelemea upande wa dawa zote mbili, na miongozo ya kitabibu ya Uingereza na Ulaya inazipendekeza.

Ugumu uko katika kumtambua mgonjwa. Vinahitajika vipimo vya damu vya aina tatu, na kisha kurudiwa baada ya wiki 12, kwa kuwa maambukizi ya kawaida yanaweza kuziibua kingamwili hizi kwa muda kisha zikatoweka. Kipimo kimoja kilichofanywa siku chache baada ya mimba kutoka hakitoshi kumtangaza mtu kuwa mgonjwa. Wala hakitoshi kumwanzishia sindano za kila siku kwa miezi minane, ambazo huweza kusababisha kuvuja damu na kudhoofisha mifupa.

Kuna jambo jingine ambalo humgusa moja kwa moja mama anayehudhuria kliniki humu nchini. Kipimo cha zamani cha kaswende, ambacho wengi hukijua kwa herufi VDRL, hutumia mafuta yaleyale ambayo kingamwili hizi huyashambulia. Mwanamke mwenye sindromu ya antifosfolipidi anaweza hivyo kupatikana na "kaswende" ambayo hajawahi kuambukizwa. Vipimo vya haraka vinavyotafuta kingamwili za kijidudu chenyewe havina dosari hiyo.

Si vigumu kuwaza madhara yake nyumbani. Mke amepoteza mimba mbili, kadi ya kliniki inasema ana kaswende, na mume anaapa hajawahi kuugua. Kaswende ya kweli nayo huua watoto tumboni na hutibika kwa sindano ya penisilini, hivyo jibu kama hilo halipaswi kupuuzwa hata kidogo. Linalohitajika ni kipimo cha pili cha kuthibitisha. Kikionyesha kwamba hakuna kaswende, daktari ana kidokezo muhimu cha mahali pa kutafuta.

Nje ya ugonjwa huu, historia ya tiba za kinga imejaa matumaini yaliyoporomoka.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa chanjo ya chembe za mume. Katika miaka ya 1980, wataalamu kadhaa walidhani kwamba mimba huharibika kwa sababu wanandoa wamefanana mno kijeni, na hivyo mwili wa mke hauitambui mimba na kuitayarishia ulinzi unaofaa. Mwaka wa 1985, daktari James Mowbray na wenzake jijini London walichapisha katika The Lancet matokeo yaliyosisimua ulimwengu. Wanawake 17 kati ya 22 waliodungwa chembe nyeupe za waume zao walifaulu kuzaa, ilhali waliodungwa chembe zao wenyewe walikuwa 10 kati ya 27.

Kliniki nyingi zilianza kutoa sindano hizo. Miaka ilipita, na wanandoa wengi wakalipa, kabla ya jaribio kubwa zaidi kufanywa nchini Marekani na Canada chini ya mtaalamu wa jenetiki Carole Ober. Matokeo yake, yaliyochapishwa 1999, yalikwenda kinyume. Waliopata chembe za waume waliofaulu walikuwa asilimia 36, na waliodungwa maji ya chumvi asilimia 48. Sindano ambayo wanawake walikuwa wakiilipia haikuwashinda waliopewa maji, na huenda iliwadhuru. Januari 2002, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza kwamba tiba hiyo isitolewe ila kwa idhini yake na ndani ya utafiti. Hata hivyo haijatoweka. Bado hutolewa kwa malipo katika baadhi ya nchi, na Mkenya anayesafiri ng'ambo kutafuta mtoto anaweza kukutana nayo.

Dawa za steroidi zina hadithi inayotisha zaidi. Jaribio la Canada lililochapishwa 1997 liliwahusisha wanawake 202 waliopoteza mimba mara kwa mara na waliokuwa na kingamwili zinazoshambulia miili yao wenyewe. Waliopewa prednisoni na aspirini walizaa watoto hai kwa asilimia 65, na waliopewa dawa bandia kwa asilimia 56, tofauti ambayo huenda ilitokana na bahati tu. Lakini miongoni mwa waliotumia dawa halisi, asilimia 62 walijifungua kabla ya wakati, ikilinganishwa na asilimia 12 ya wenzao. Katika nchi ambayo vitengo vya watoto njiti ni vichache, na ambapo kifua kikuu kilichojificha mwilini huweza kuamka kinga inapodhoofishwa, hilo si jambo dogo.

Orodha haiishii hapo. Kuna kipimo cha kuhesabu "wauaji wa asili" katika damu ya mkononi, ingawa chembe hizo ni tofauti kitabia na zile za mji wa mimba, na idadi yake haitabiri mimba ipi itasimama. Kuna mafuta ya soya yanayotiwa mshipani, ambayo asili yake ni chakula cha wagonjwa wasioweza kula. Chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi, ESHRE, kimeshauri katika miongozo yake kwamba kipimo hicho cha damu kisitumiwe kuteua matibabu ya wanawake hawa, na kwamba tiba ya chembe za mume isitolewe.

Swali ni kwa nini tiba zisizofaa huendelea kusifiwa na watu waaminifu waliozitumia. Jibu linapatikana katika takwimu za wale wasiopewa chochote.

Mwaka wa 2015, watafiti wa Uingereza na Uholanzi walichapisha jaribio la homoni ya projesteroni kwa wanawake 836 waliopoteza mimba mara tatu au zaidi bila sababu kujulikana. Waliopewa homoni hiyo waliozaa walikuwa asilimia 65.8, na waliopewa dawa bandia asilimia 63.3. Kwa maneno mengine, karibu wanawake wawili kati ya watatu walipata mtoto katika mimba iliyofuata hata bila dawa yoyote ya maana.

Hesabu hii ndiyo mtaji wa kila anayeuza tiba katika uwanja huu. Awe ni daktari mwenye kliniki ya kifahari, mganga mwenye hirizi au mhubiri mwenye mafuta ya upako, akiwahudumia wanawake 100 wa kundi hili, zaidi ya 60 watamrudia na watoto mikononi na shukrani mdomoni. Picha zao zitapamba kuta za chumba chake cha kungojea. Wale 30 na ushei waliopoteza tena hawarudi kupigwa picha.

Kwa sababu hiyohiyo, aspirini na heparini hazipaswi kugawiwa kila mwanamke eti kwa kuwa zimewafaa wenye sindromu ya antifosfolipidi. Jaribio la Uholanzi la 2010 liliwapa wanawake 364 waliopoteza mimba bila sababu kujulikana ama dawa zote mbili, ama aspirini pekee, ama dawa bandia. Waliozaa walikuwa asilimia 54.5, 50.8 na 57.0 kwa mfuatano huo. Waliomeza dawa bandia ndio waliokuwa mbele, japo kwa tofauti isiyo na uzito.

Milango yote haijafungwa. Jaribio la Japan lililochapishwa 2022 liliwahusu wanawake waliopoteza mimba nne au zaidi, ambao walitiwa mshipani kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa wachangiaji damu wengi, kwa kipimo cha juu na mapema sana katika ujauzito. Asilimia 58 walizaa, ikilinganishwa na takriban asilimia 35 ya waliopewa dawa bandia. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini yalitokana na watu wapatao 100 tu, na dawa yenyewe ni ya bei ambayo familia nyingi za Kenya haziwezi kuifikia. Kadhalika, jaribio la projesteroni la 2019 lililohusisha wanawake zaidi ya 4,000 wa Uingereza waliovuja damu mapema katika ujauzito lilionyesha faida kwa kundi moja: wale ambao tayari walikuwa wamepoteza mimba tatu au zaidi. Asilimia 72 yao walizaa, dhidi ya 57 ya waliopewa dawa bandia. Projesteroni si ghali kama zile nyingine.

Kwa mama wa Kisumu, Busia au Kilifi, hata hivyo, mgogoro wa kinga na mimba ambao una uwezekano mkubwa wa kumfika hauletwi na damu ya mumewe. Unaletwa na mbu.

Mwaka wa 1996, watafiti Michal Fried na Patrick Duffy, waliofanya kazi yao magharibi mwa Kenya, walichapisha ugunduzi kwamba vimelea vya malaria hunasa kwenye kondo kwa kushikilia kitu maalumu kilichomo humo. Mwanamke aliyekulia katika eneo la malaria huwa na kinga ya miaka mingi dhidi ya ugonjwa huo, lakini kinga hiyo haijawahi kukutana na vimelea wa kondo, kwa kuwa hakuwa na kondo. Ndiyo maana mimba ya kwanza huwa hatarini zaidi, na zinazofuata hupata nafuu kadiri mwili unavyojifunza. Malaria hiyo husababisha mimba kutoka, watoto kuzaliwa wafu na wengine kuzaliwa na uzani mdogo. Chandarua na vidonge vya kuzuia malaria vinavyotolewa kwenye kliniki za maeneo hayo tangu mwezi wa nne wa ujauzito vinahusu kinga kuliko sindano nyingi zinazouzwa kwa jina hilo.

Suala la damu ya Rhesus nalo lahitaji kuwekwa wazi, kwa sababu ndilo wengi wanalomaanisha wanaposema kwamba damu za wanandoa hazielewani. Mwanamke asiye na Rhesus aliyembeba mtoto mwenye Rhesus huweza kuunda kingamwili zitakazoshambulia damu ya mtoto anayefuata. Ni hatari ya kweli, na huzuiwa kwa sindano ya anti-D ambayo imekuwapo tangu 1968. Lakini hatari hiyo huwafika watoto waliokwisha kukua tumboni, na huzidi mimba hadi mimba. Haielezi mimba zinazotoka wiki ya saba au ya nane, wala haiwahusu Wakenya walio wengi, ambao damu yao ina Rhesus.

Tangu Juni 2013, serikali ilipoondoa ada za kujifungulia katika hospitali za umma, mjadala wa afya ya uzazi nchini umejikita katika chumba cha kujifungulia, na si bila sababu, kwani huko ndiko kina mama wengi walikokuwa wakifia. Bima ya NHIF ilipoipisha SHA Oktoba 2024, kelele zilihamia usajili na madeni ya hospitali. Mwanamke anayepoteza mimba ya wiki nane hayumo katika mijadala hiyo. Mara nyingi huwa hajafika kliniki ya wajawazito, ambayo wengi huianza mwezi wa nne au wa tano, na hivyo hasara yake haiandikwi popote. Wengine huogopa hata kwenda hospitalini wakivuja damu, wasije wakashukiwa kuwa wametoa mimba.

Kwa miaka mingi madaktari walimtaka mwanamke apoteze mimba tatu kabla ya kuanza kumchunguza. Wataalamu walioandika katika The Lancet mwaka wa 2021 walipinga utaratibu huo. Walipendekeza ushauri na uchunguzi wa mambo ya msingi baada ya mimba ya kwanza, vipimo vya awali na kliniki ya wauguzi baada ya ya pili, kisha uchunguzi kamili baada ya ya tatu. ESHRE nayo huhesabu tangu mbili. Hatua mbili za mwanzo hazihitaji mashine ghali. Zinahitaji muuguzi mwenye muda, daftari la kumbukumbu, na kipimo cha sukari na cha upungufu wa damu.

Vile vipimo vitatu vya sindromu ya antifosfolipidi ni suala jingine, kwani hufanywa zaidi katika hospitali kubwa na maabara za kibinafsi za mijini. Mwanamke wa Marsabit au Tana River aliyepoteza mimba tatu atahitaji kusafiri, kutolewa damu, kurudi nyumbani, kungoja wiki 12, kisha kusafiri tena kwa kipimo cha pili. Katika wiki hizo 12 ndipo wengi hushika mimba nyingine, wakiwa hawajui kama wanahitaji dawa au la.